Machine yangu ya Makomeno ilikuwa inapata homa kila asubuhi, ila dimanche hapana

Bakubwa ba humu ndani, jambo yenu bote.

Nianze na kuungama: hii story inanionyesha mujinga. Nilijaribu kuipanga mara tatu mu kichwa ili nitoke humo na akili, ikakataa. Basi naileta vile ilipita. Hakuna chumvi. Mwenye iko na mashaka aende Makomeno aulize, ila asiende asubuhi, mutaelewa juu ya nini.

Bandugu ba Dar na ba Mombasa, mutanivumilia na hii Kiswahili. Ni ya Lubumbashi. Grammaire tuliiacha ku mupaka, pa frontière, ba-douane balikuwa bakali.

Mi naikala Katuba, humu humu Lubumbashi. Nilisoma primaire, nikafika sixième, kisha masomo ikanichoka. Si mi nilichoka masomo, ni masomo njo ilinichoka. Kazi yangu ni kutengeneza téléphone: écran, fasi ya charge, haut-parleur. Ba-ordinateur nilijifundisha mwenyewe, kwa kufungua zenye zilisha kufa. Machine ya kufa haiogopeshi. Utaifanya nini tena?

Sasa, école yangu ya zamani hapo Katuba ilipewa salle ya informatique, chumba ya ba-ordinateur. Machine kumi na mbili. Zikaanza kufa moja moja. Technicien anatoka mbali, anafika kisha wiki mbili, anakuta mugonjwa balisha kumuzika.

Nikaenda kuona Directeur. Na ule Directeur njo alinifundisha sixième. Nikamwambia: Directeur, hizi machine mi naweza kuzichunga. Hata nikiwa kwangu, ku téléphone, nitajua yenye inagonjwa kabla haijakufa.

Akaniangalia vile unaangalia mutoto mwenye anasema ameona simba pa rond-point.

"Weye," akasema, "weye njo ulifunga mbuzi ku mlango ya classe yangu."

"Directeur, ilikuwa mbuzi moja tu."

"Na sasa unataka nikupe machine kumi na mbili."

Nikavuta kiti, nikaikala.

"Sikia," akasema. "Chunga moja kwanza. Uiweke fasi ya mbali na weye. Itumike mwezi muzima, muchana na usiku, isizimike hata mara moja, na weye usiiguse na mukono. Kisha uniletee karatasi zenye zinaonyesha vile ilitumika. Ukifika mbele ya rentrée, kabla batoto barudi ku masomo, kazi ni yako. Ukishindwa, hii salle usiniongelee tena."

Kwa hiyo bakubwa, muelewe nilikuwa nacheza nini: kazi ya mushahara, ya kwanza mu maisha yangu. Mama yangu alisha kuzoea kusema ku bantu kama mi niko "mu mambo ya téléphone", na uso anageuza pembeni. Nilitaka aseme "iko ku école" na uso ibakie mbele.

Rentrée ilikuwa inabakia miezi mbili.

Basi tuingie mu machine yenyewe, juu najua humu kuko benye balifungua huu uzi juu ya pièces za machine, si juu ya mambo yangu na Directeur.

Franga nilikuwa nayo kiloko, haikutosha. Ila nilikuwa na baffle ya muziki, ile kubwa ya kubomoa masikio. Nikaipeleka ku moja mwenye anauzisha ba-ordinateur za occasion, tukabadilishana: yeye baffle, mi boîtier ya bureau, ile sanduku ya kusimama kama valise, na carte mère ndani, na processeur, ubongo yake, ya quatre cœurs. Ya zamani, lakini ya nguvu, kama bale ba-papa banabebaka mifuko ya makala ku vélo kutoka pori. Ma-jirani yangu balifurahia ile biashara kuliko mi.

RAM nilipata barrette mbili, kila moja kutoka maiti yake. Disque nilitoa mu laptop moja yenye ilikunywa bière ikakufa na furaha. Ventilo, ile feni ya ndani, niliisukula na brosse ya meno. Ile pommade ya processeur, ya kuvuta joto, nilipaka mupya.

Kitu moja tu njo nilinunua ya dukani: alimentation, ile inagawanya courant mu machine. Hapo sitanii. Bintu byote unaweza kuokota, alimentation nunua mupya. Ile ya kuokota ikikufa inakufaka na benzake.

Nikaweka Linux, nikaipanga iwe inanitii kutoka mbali, kisha nikaitoa écran, clavier, souris, byote. Ikabakia sanduku tu lenye linavuma.

Sasa itumike nini mwezi muzima? Machine yenye inalala haionyeshi kama iko na afya. Hapo njo niliingia mu mambo ya kugawanya hesabu.

Kwa benye habajui: uko na shamba kubwa sana kule Annexe, inje ya mji, muntu moja hawezi kuilima hata akizeeka humo. Unaita bantu elfu, kila moja unamupa mustari yake. Ba-savants, bale bantu ba sayansi, banafanyaka vile. Bakiwa na hesabu ya kushinda machine zabo, banaikata bipande bipande, banabituma ku machine za bantu dunia muzima. Yako inalima mustari yake, inarudisha jibu, inalomba ingine. Habalipi. Ni kazi ya kujitolea. Mégas za internet inakula kiloko, ila processeur inatoka jasho kila saa.

Mi nilichagua wale benye banatafuta dawa ya malaria. Malaria na mi tunajuana tangu utoto, kuko mambo tuko nayo ya kumaliza.

Swali ya pili: niiweke wapi? Kwetu Katuba courant inakuja kama mugeni, inasalimia, inaenda. Makomeno, quartier ingine ya mji, iko afadhali. Na Makomeno njo kuko mama mukubwa, yaya, dada mukubwa, ya mama yangu. Iko na parcelle, kiwanja na nyumba yake, anauzisha mikate asubuhi pa mlango, na ku chumba ya nyuma iko na locataire, mupangaji, Vieux Kambale, mufanyabiashara wa Nord-Kivu mwenye iko na camion ya kupakia haricots, yaani maharagi.

Mama mukubwa akanipa fasi mu ka-dépôt, ka-stoo ka pembeni ya kuku, hapana, naongopa, pembeni ya cuisine. Kuku beko upande ingine. Niliapa ukweli, tuendelee.

Machine nikailaza chini, juu boîtier ilikuwa na mguu moja ya kukatika. Matundu yake ya kutoa joto yakaangalia juu. Pembeni nikaweka onduleur ya zamani, courant ikikatika iipe robo saa ya kupumua.

Nikamwambia: "Mama mukubwa, nakuomba. Usiiguse. Usiizime. Usiifunike na nappe ya meza. Usiweke maua juu yake."

"Inakula nini?"

"Courant tu, na kiloko."

"Na inatoa nini?"

"Hesabu."

"Hesabu ya nani?"

"Ya ba-savants, mama mukubwa. Ba mbali."

Akafikiri. "Kwa hiyo inakula kwangu, inatumikia bengine. Inafanana na bajomba bako."

Ila akakubali.

Nikarudia Katuba. Nilisha kuandika ka-programme kenye kanatuma ku téléphone yangu, kila dakika kumi: joto ya processeur, mwendo yake, kazi ngapi imemaliza, courant iko ao hakuna. Kanachora na courbe, mustari yenye inapanda na kushuka na joto. Bakubwa, kuona kintu yako inatumika kule Makomeno na weye uko Katuba unakula bukari, ni utamu yenye siwezi kueleza. Nilikuwa naangalia ile courbe kuliko vile naangaliaka ba-demoiselle. Degré makumi sita na ine, mustari ya kunyooka kama barabara ya kwenda aéroport.

Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya ine. Byote muzuri.

Siku ya tano, baridi ya Lubumbashi ikaingia. Benye habaijui banafikiria Congo yote ni joto. Mwezi ya saba hapa, asubuhi, unaweza kuona pumuzi yako inatoka mu kinywa kama moshi wa makaratasi. Mi nikafurahi: baridi ni ndugu ya processeur.

Siku ile njo joto ikapanda.

Saa kumi na moja ya asubuhi, kutoka makumi sita na ine mpaka makumi tisa na moja. Mwendo ikaanguka, juu processeur ikisikia kuungua inapunguzaka kazi yenyewe. Saa kumi na mbili na nusu, ikashuka. Muchana, muzuri. Kesho yake, saa ile ile. Kesho kutwa, saa ile ile. Ku courbe ilikuwa inafanana na mulima, kila siku mulima moja, pale pale.

Nikapigia mama mukubwa. "Kuko muntu anagusaka machine asubuhi?"

"Hakuna muntu."

"Hata moja?"

"Nimekuambia hakuna muntu. Unataka nikuletee mashahidi?"

Basi nikajua: ni hacker.

Tena musicheke, mungefikiria vile vile. Muntu anaingia kutoka mbali, anatumikisha processeur yangu kwa mambo yake, kisha anatoka. Nikabadilisha mot de passe, ile neno ya siri. Mulima ukabakia. Nikabadilisha tena, ya murefu sana, nikaisahau, nikashinda siku muzima naikumbuka. Mulima ukabakia.

Kisha nikaona kitu. Dimanche, Jumapili yenu, hakuna mulima. Courbe ya kunyooka, ya amani.

Nikakaa chini. Hacker gani anaamuka saa kumi na moja, anatumika saa moja na nusu, na dimanche anapumuzika? Nikajijibu mwenyewe: hacker wa kusali.

Na Makomeno, mu ile parcelle, nani anaamukaka mapema, nani hakosaka kanisa, nani iko na téléphone mbili na ka-ordinateur ya kuandikia mizigo? Vieux Kambale.

Najua. Najua. Tusonge tu.

Samedi moja, Jumamosi, muchana nikafika kule. Machine sikuigusa, nilitii sharti. Nikamukuta Vieux Kambale iko anafunga bâche, turubai ya camion. Nikajiegemeza vile ba-inspecteur banafanyaka.

"Vieux, unapendaka ba-ordinateur?"

"Kiloko. Macho inaniuma."

"Na asubuhi, saa kumi na moja, unakuwaka wapi?"

Akaacha kamba. "Naomba Mungu."

"Kisha?"

"Nakula mukate ya mama mukubwa wako."

"Kisha?"

"Nakula ingine. Kijana, kuna kitu gani ulipoteza?"

"Hakuna, vieux. Kuko hacker, muntu mwenye anaingia mu machine yangu, njo nauliza tu."

Akaniangalia, akaangalia mukono yake ya kubeba mifuko, ikiwa munene kama mihogo. "Mu ile machine? Nitaingia na mulango gani?"

Mama mukubwa alisikia byote mu dirisha. Alinitukana Kiswahili, akanitukana Kibemba, na kuko nusu yenye sikujua ni luga gani, ila ilikuwa inanihusu. Locataire yake analipa bila kusukumwa, anasalimia bantu, na mi nakuja kumuuliza maulizo ya polisi. Nikatoka pale na kichwa chini, ila mu roho nikasema: sawa, nitamukamata na akili.

Nikatega mutego. Kutoka Katuba nikaiambia machine: joto ikipita makumi munane na tano, simamisha kazi yote saa mbili nzima. Lala. Hacker akute nyumba baridi.

Lundi, mwanzo ya wiki, mutego ikatumika. Saa kumi na moja joto ikaanza kupanda, fya, kazi ikasimama, joto ikashuka mpaka makumi tatu. Nilicheka peke yangu mu kitanda. Sharti ya Directeur ilikuwa isizimike, na haikuzimika, ililala tu.

Saa moja, téléphone. Mama mukubwa.

"Machine yako inagonjwa."

"Nani alikuambia?"

"Iko baridi."

"Ni muzuri, mama mukubwa. Inapumuzika."

Pale pale akakata.

Kesho yake, mardi, vile vile. "Machine yako iko baridi tena." Nikamwambia asante, asihangaike. Mu roho nilikuwa najisifu: ona vile mama mukubwa ananipenda, anaamuka anaangalia machine ya mutoto ya ndugu yake. Sikujiuliza hata mara moja anajuaka aje joto ya machine. Programme yangu iko na sonde ya kupima joto ndani ya processeur. Yeye iko na nini?

Mercredi, siku ya kumi na kenda. Saa kumi na mbili na dakika kiloko, téléphone yangu ikaandika: hakuna jibu.

Nikangoja dakika kumi. Hakuna jibu.

Nikapiga. "Mama mukubwa, courant iko?"

"Iko."

"Machine iko aje?"

"Nimeiamsha."

"Umeiamsha aje?"

"Nimefinya ile bouton ya mbele. Ilikuwa inalala, na mi sina siku yote."

Ile bouton ya mbele, machine ikiwa inawaka, inaizima. Siku kumi na kenda, bule. Nikachukua moto, pikipiki ya kubeba bantu, nikaenda Makomeno bila kusukula uso.

Nikaingia mu ka-dépôt.

Machine yangu, yenye kutafuta dawa ya malaria, yenye kuzungumuza na ba-savants ba dunia, ilikuwa ku chini. Juu yake, kwa ile matundu ya kutoa joto, kuko beseni. Beseni kubwa, ya bleu. Beseni imefunikwa na blanketi. Nikainua blanketi.

Unga ya mikate. Imekandwa, ya leo. Ilikuwa imelala mu beseni kama muntu mwenye alipata habari mubaya.

Mama mukubwa alikuwa nyuma yangu, mikono ku kiuno.

"Mama mukubwa," nikasema, "nilikuambia usiiguse."

"Sikuigusa. Beseni njo iliigusa. Beseni uliiambia?"

"Nilikuuliza kama kuko muntu."

"Na nilikujibu hakuna muntu. Hii ni muntu?"

Nikarudisha blanketi juu ya beseni.

Basi akanieleza, na sauti ikaanza kushuka. Asubuhi ya baridi, unga haivimbi. Miaka yote alikuwa anawasha mbabula, ile jiko ya makala, anaikalisha pembeni ya beseni, anakohoa moshi mpaka unga iamke. Mwaka hii akasikia ka-dépôt kanatoa joto. Akaweka mukono juu ya machine. Joto ya muzuri, ya kulingana, haina moshi. Akaweka beseni. Mikate ikatoka ya kupendeza kuliko ya miaka yote. Dimanche anasali, hakandi.

"Kisha weye," akasema, "lundi ukainyima joto. Mikate ikatoka kama sandale. Mardi, sandale. Bateja bangu, ba miaka kumi, banafinya mukate banaurudisha mu kitunga. Jana Kambale alikula moja, akasema asante, akaacha ya pili. Kambale."

Pale njo nilielewa, bandugu. Ile mutego sikumutega hacker. Nilitega mikate ya mama mukubwa. Mi nilikuwa nachunga machine kutoka Katuba na courbe, yeye alikuwa anaichunga na mukono, na yeye njo alijua ukweli. Angelinisaidia toka siku ya kwanza kama ningemuuliza unafanya nini asubuhi, kuliko kumuuliza kuko nani.

Vieux Kambale akapita pale, akaangalia beseni, akaangalia mi. "Hacker mwenyewe njo huyu?" Akaenda camion yake. Nilimufuata, nikamulomba samahani na mikono mbili. Akasema alisha kusahau. Hakuwa amesahau, alikuwa anacheka na mabega.

Sasa hesabu ilikuwa mubaya. Rentrée ilibakia wiki tano. Mwezi muzima kuanzia zéro, na siku kiloko za pembeni. Nafasi moja tu. Nilikuwa naweza kumwambia mama mukubwa: beseni hapana. Na nilifungua kinywa niseme. Ila yeye hakuwa analomba kintu. Alikuwa anachukua beseni yake polepole, anatafuta mbabula iko wapi.

Nikasema: ngoja.

Nikachukua matofali ine, machine ikapanda juu. Nikakata tôle, bati ya bidon ya mafuta, nikaikunja kama kifua ya njiwa, ikabeba joto yenye inatoka na kuipeleka pembeni. Kule pembeni nikajenga matofali ingine, nikaweka ile grille ya mbabula juu, na beseni juu ya grille. Machine inapumua, joto inapita chini ya beseni. Nikaifunga na fil ya chuma. Sura yake ilikuwa mubaya sana, naomba musiniulize photo.

Nikatoa mutego. Nikawasha. Siku ya kwanza tena.

Kesho yake saa kumi na moja nilikuwa macho, naangalia courbe. Makumi sita na ine. Makumi sita na tano. Makumi sita na saba. Ikasimama pale. Haikuwa mulima tena, ilikuwa ka-kichuguu. Saa moja, téléphone.

"Inavimba," mama mukubwa akasema.

"Degré ngapi?"

"Ya kutosha."

Toka ile siku tukawa bawili mu kuchunga. Mi ku courbe, yeye ku mukono. Na niseme ukweli, mara nyingi alinishinda. Siku moja alinipigia: "Ventilo yako inalia kama mutoto wa kuku." Courbe yangu haikuwa imeona kitu. Nikamwambia apitishe brosse ku grille ya inje, vumbi ya unga ikatoka. Kilio ikaisha. Mi sikuigusa, Directeur alisema mi nisiguse, hakusema mama mukubwa.

Nilijifundisha kusema kama yeye, munaona.

Siku ya makumi mbili na saba, saa kenda ya muchana, téléphone ikaandika: hakuna courant. Kawaida. Onduleur iko na robo saa. Nikangoja. Dakika tano. Mama mukubwa akapiga: cabine ya courant ya quartier imepasuka, banasema mpaka kesho.

Dakika kumi. Nilikuwa na téléphone ya muteja mukononi, écran imefunguliwa, nikaiweka pembeni. Siku tatu tu zilikuwa zinabakia, na rentrée ilikuwa pale. Hakuna kuanza tena.

Dakika kumi na mbili, nikasikia ku téléphone ya mama mukubwa sauti ya Vieux Kambale. "Kijana, ile sanduku yako yenye inalia tii-tii inapokea batterie?"

Onduleur ile ni ya zamani, yenye batterie yake ya ndani unaweza kuunga na ya inje ya voltage moja. Nikawaongoza kwa mudomo: fil nyekundu, nyekundu. Nyeusi, nyeusi. Usichanganye, vieux, nakuomba. "Kijana, naunga batterie tangu mama yako hajakuzaa." Batterie ya camion, ile kubwa. Mama mukubwa alikuwa anashika lampe.

Téléphone yangu ikaendelea kuandika. Makumi sita na tatu. Kazi inaendelea.

Camion ya Vieux Kambale ile siku haikutoka. Haricots zake zilingoja mpaka kesho muchana. Muntu mwenye nilimuzania mwizi.

Siku ya makumi tatu ikafika. Nikaimprimer byote ku karatasi, nikavaa chemise, nikaenda ku Directeur.

Niseme na hii: usiku wa mbele ya ile siku nilikuwa naweza kufuta. Ni chiffres tu. Tu-vichuguu twa asubuhi, ile shimo ya courant ya siku ya makumi mbili na saba, dakika tano na inakuwa barabara ya kunyooka. Sikufuta. Kila ka-kichuguu kalikuwa mikate ya mama mukubwa. Ningefuta aje mikate ya muntu.

Directeur akavaa lunettes za macho. Akafuata courbe na bic.

"Hii ni nini, kila asubuhi?"

"Mikate, Directeur."

Akaniangalia juu ya lunettes. Nikamweleza byote, kuanzia hacker wa kusali mpaka batterie ya camion. Sikuficha kama mi peke yangu ningelikuwa nimeshindwa mara mbili.

Akarudia ku karatasi. "Na dimanche hakuna."

"Dimanche mama mukubwa anasali."

Directeur akacheka. Akacheka mpaka akatoa lunettes. Toka sixième, ilikuwa mara ya kwanza namuchekesha na hanifukuzi inje.

"Lundi," akasema. "Saa moja na nusu. Na usije na mbuzi."

Kwa hiyo bakubwa, hivi nawaandikia niko mu salle ya école, machine kumi na mbili zinavuma, nane kati yake zilifufuka. Mama yangu anasema "iko ku école" na uso mbele. Kila machine iko na courbe yake. Na ku kila machine nilichagua mutoto wa classe mwenye anaikaliaka, nikamwambia: weka mukono juu yake asubuhi, uniambie iko aje.

Hiyo njo nilijifundisha. Programme yangu ilikuwa inajua degré. Mama mukubwa alikuwa anajua juu ya nini inapanda, sababu yake. Ukiweka kintu kwa nyumba ya muntu, kabla hujatafuta adui wa mbali, uliza benye beko karibu banaishi nayo aje.

Mwenye alisha kuweka machine, modem, ao hata frigo kwa nyumba ya ndugu, aje hapa chini aseme alikuta nini juu yake. Na mwenye iko na maulizo ya tôle na tirage, vile joto inapita, nitajibu, ila photo sitatoa.

Kitu ya mwisho. Dimanche yenye ilifuata nilienda Makomeno kumwambia mama mukubwa kama nimepata kazi. Alifurahi, akanikumbatia, akanipa mukate ya jana. Nikamwambia: sasa machine nitaibeba, école iko na panneau ya jua, itaendelea kutumikia ba-savants kule, hapa itakuacha upumuzike.

Akaacha kunikumbatia.

"Kazi ni ya nani?" akauliza.

"Ni yangu, mama mukubwa."

"Basi weye njo uende," akasema. "Machine inabakia."